Nijiunge na kikundi cha kupanda milima, au nitawachelewesha?

*Pole na majukumu, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, na kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima. Rafiki yangu amenialika kwenye kikundi cha watu wanaopanda milima pamoja. Wiki sita zijazo wana safari ya siku tatu: tunalala kwenye mahema na kila mtu anabeba mzigo wake. Sijawahi kutembea zaidi ya saa moja mfululizo, na vifaa sina. Naogopa nitawachelewesha wenzangu. Je, nijiunge sasa au nijiandae kwanza peke yangu? Nitajuaje kama kikundi chenyewe ni cha kuaminika? Na zile fimbo wanazotembea nazo, ni za lazima au ni mbwembwe tu?*

Asante dada, nimeshapoa.

Jiunge sasa. Lakini safari hiyo ya siku tatu usiende mpaka uwe umetembea na kikundi hichohicho matembezi ya siku moja, mara mbili hivi. Kama ndani ya wiki sita hizi hakuna matembezi mafupi yaliyopangwa, hii waache waende, wewe subiri inayofuata. Ule mpango wa kujiandaa peke yako hadi uwe tayari, ndipo ujiunge, siupendi. Hiyo siku ya kuwa tayari huwa haifiki, na mambo muhimu ya safari za makundi huwezi kuyajua ukiwa peke yako.

Hofu yako ya kuwachelewesha watu nitaanza nayo, maana jibu la swali lako la pili limo humohumo.

Kikundi huhesabiwa kimefika pale mtu wake wa mwisho anapofika. Walio mbele wanaweza kukimbia wakitaka, lakini hema halitasimamishwa na safari haitaendelea hadi wa mwisho atokee. Kwa hiyo kiongozi anayeijua kazi hapangi ratiba kwa miguu yake mwenyewe. Huanza na mtu mzito wa mwendo kuliko wote kwenye orodha, akapiga hesabu kurudi nyuma: tuondoke saa ngapi ili huyu afike kambini jua likiwa bado juu? Ukiwa mzito na ratiba imekuzingatia, hujamchelewesha mtu. Ukiwa mzito na ratiba haikukuzingatia, kosa ni la aliyepanga.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya wewe. Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni ambayo hadi leo inatumika. Kwa vipimo vyetu vya sasa ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, halafu uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku yenye kilomita 12 na mita 900 za kupanda. Umbali unakupa saa mbili na dakika 24, na mlima unakuongezea saa moja na nusu. Jumla ni karibu saa nne, na hapo hujakaa chini hata mara moja. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi na mzigo mwepesi. Kwa mgeni aliyebeba hema mimi huongeza nusu nzima, kisha mapumziko, kwa hiyo siku hiyo ningeiandika saa saba.

Basi mwandikie kiongozi umuulize: siku ya kwanza ni kilomita ngapi, na tunapanda mita ngapi? Sikiliza anavyojibu. Akikupa tarakimu zote mbili na saa ya kufika, huyo amekaa na ramani. Akikupa kilomita peke yake, mwombe na ya pili, kwa sababu kilomita 8 za tambarare na kilomita 8 za mlima ni siku mbili tofauti kabisa. Akikwambia "usijali, ni hapo tu", hapo ndipo uanze kujali.

Sasa kuna jambo ambalo wageni wengi hulipata bila kujua limetoka wapi. Walio na kasi hutangulia, wakafika kwenye kivuli, wakakaa, wakanywa maji, wakapiga picha. Dakika kumi na tano baadaye wa mwisho anatokea anahema. Wanamshangilia, "Umefika! Haya, twende!" Wote wanasimama na kuondoka. Yeye aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika. Likitokea hilo mara tatu au nne kwa siku, ifikapo alasiri mtu ameishiwa kabisa, hali kikundi kinaona kilikuwa kinamsubiri kwa upole siku nzima. Na yeye anarudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake ndio haufai kwa milima.

Kikundi kizuri kina dawa ya hili. Mwenye mwendo mdogo hutembea mbele, mara tu baada ya kiongozi, na wengine wanafuata. Mapumziko huanza kuhesabiwa anapokaa mtu wa mwisho, si wa kwanza. Na nyuma kabisa kuna mtu mzoefu aliyepewa kazi hiyo tangu asubuhi, ambaye hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Kwenye kila njia panda kundi zima linasimama hadi wahesabike wote. Katika matembezi yako ya kwanza ya siku moja tazama mambo haya manne tu. Uzuri wa mandhari utauona safari nyingine.

Na ukishawekwa mbele, tembea polepole kuliko unavyoona aibu kutembea. Mwendo sahihi wa kupanda ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Mgeni karibu kila mara huanza kwa kasi kwa sababu anataka kuonyesha kwamba hatakuwa mzigo, na saa moja baadaye anakuwa mzigo kweli.

Swali la pili la kumpima kiongozi ni hili: mara ya mwisho mlipogeuka njiani kabla ya kufika mlikokusudia ilikuwaje? Kiongozi mwenye miaka kadhaa ya safari lazima awe na jibu. Mvua ilizidi, mto ulijaa, mtu aliteguka, muda uliisha. Anayejivuna kwamba kikundi chake hakijawahi kugeuka, mimi nisingemfuata, kwa sababu ama ametembea kidogo sana ama ana bahati ambayo siku moja itakwisha.

Hapa kundi lina hatari yake ambayo mtu anayetembea peke yake hana. Ian McCammon, mtafiti wa Marekani, alipitia ajali zaidi ya 700 za maporomoko ya theluji zilizotokea nchini humo kati ya 1972 na 2003. Alikuta watu waliofunzwa kutambua hatari wakiingia humohumo hatarini kwa sababu za kijamii tu: njia wameizoea, wameshaahidiana kufika, kuna mmoja ambaye wote wanamwona mjuzi, au hakuna anayetaka kuonekana mwoga. Wewe huendi kwenye theluji, lakini tabia hiyo ya binadamu haina msimu. Mtu anaona wingu linakuja, anatazama kulia na kushoto, wenzake wametulia, naye anatulia. Kumbe na wao walikuwa wanamtazama yeye. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza, jambo likikutia wasiwasi liseme kwa sauti, hata kama wewe ndiye mgeni kuliko wote. Kiongozi wa kweli atakushukuru au atakueleza. Anayekucheka mbele ya watu amekusaidia kuamua kama utarudi.

Mambo ya fedha, bima na usalama wako kama mwanamke wengi huona haya kuyauliza. Kikundi cha jamii kwa kawaida huchangishana gharama, na mchanganuo wake unapaswa kuonekana: usafiri kiasi gani, kiingilio cha hifadhi kiasi gani, na nini kinarudishwa ukijitoa. Kama kuna anayepata faida, hiyo ni biashara ya utalii. Biashara si dhambi, ila ina sheria zake, leseni na wajibu kwa mteja, na ni haki yako kujua uko kwenye ipi kati ya hizo mbili. Kuhusu bima, usidhani ipo. Baadhi ya vyama vikubwa huiweka ndani ya ada ya uanachama; Deutscher Alpenverein cha Ujerumani, kilichoanzishwa 1869, huwapa wanachama wake bima ya uokoaji. Vikundi vidogo vya marafiki mara nyingi havina, na fomu mnayotia saini huwa inawalinda waandaaji, sio wewe. Isome.

Uliza pia nani analala na nani hemani, na uulize kabla ya kulipa. Jibu liwe kwamba wewe ndiye unayechagua. Uliza kama kuna wanawake wengine kwenye safari, na kama yupo miongoni mwa viongozi. Milima ilichelewa kutufungulia milango: Alpine Club, chama cha wapanda milima cha London, kilianzishwa 1857 na hakikupokea wanawake hata kidogo. Wakaanzisha chao 1907, na vyama hivyo viwili viliungana 1975 tu. Siku hizi mlango uko wazi karibu kila mahali, lakini tabia za waliomo ndani hutofautiana, na rafiki aliyekualika ndiye wa kwanza wa kumdadisi. Mwambie akueleze hasa kuhusu usiku: nani hunywa, kelele huisha saa ngapi, na kama kuna mtu aliyewahi kuondolewa kwenye kikundi. Kikundi kilichowahi kumwondoa mtu kwa sababu ya mwenendo wake hunipa imani zaidi kuliko kinachosema sote ni familia moja.

Kiongozi ana haki ya kujua afya yako, na wewe una haki ya kumwambia faraghani. Pumu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa, ujauzito, mzio wa nyuki, dawa unazotumia na mahali zilipo kwenye begi: yote hayo aambiwe kabla, yeye na mwenzako wa hema. Safari ikipanda zaidi ya mita 2,500, uliza wamepangaje usiku, kwa kuwa hapo maradhi ya mwinuko yanaanza kuwezekana hata kwa kijana mwenye misuli. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija huko juu, usipande zaidi hadi vikuache. Vikizidi, unashuka, usiku au mchana, na mtu wa kukusindikiza.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Wiki sita zinatosha kuanza. Tembea mara tatu kwa wiki, moja kati ya hizo iwe ndefu na uirefushe kidogokidogo, na ukipata ngazi zipande na kuzishuka ukiwa na begi. Kushuka usikusahau, maana mapaja na magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko kupanda, na wanaojiandaa kwa kupanda tu hugundua hilo siku ya mwisho.

Vifaa ndipo wageni wanapopoteza fedha. Nunua viatu. Vingine vyote azima au kodi kwa safari mbili za mwanzo, kwa kuwa hadi hapo hujui unapenda nini. Viatu vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyokuwa mlimani, ukiwa na soksi utakazovaa. Kidole gumba kisiguse mbele hata unaposimama kwenye mteremko. Kisha vivae kazini, sokoni, kila mahali, hadi mguu uvizoee. Kiatu kipya kinachofunguliwa asubuhi ya safari ndicho chanzo cha malengelenge mengi. Na lengelenge huanza kama joto dogo mahali pamoja. Ukihisi joto hilo simama papo hapo, ubandike plasta, hata kama wenzako ndiyo kwanza wameondoka. Dakika tatu hizo zitawaokolea saa nzima baadaye.

Mzigo: kipimo cha kawaida ni usizidi asilimia 20 ya uzito wako. Ukiwa na kilo 65, ni kilo 13, na humo kila lita ya maji ni kilo nzima. Shanta la lita 50 hadi 60 latosha kwa siku tatu. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba kazi, kwa hiyo uukaze juu ya mifupa ya nyonga kwanza, kisha mikanda ya mabegani. Watu wengi hufanya kinyume na kulalamika shingo. Na hapa ndipo kikundi kinapokuwa na faida kubwa: vitu vya wote hugawanywa. Jiko moja linatosha watu watatu. Hema la wawili, mmoja anabeba kitambaa, mwingine nguzo na vigingi. Mkutano wa maandalizi ukipita bila mtu kuuliza nani anabeba nini, uliza wewe, la sivyo mtajikuta kambini na majiko manne na sufuria moja.

Mavazi yafuate jambo moja: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi, kabla hujahesabu upepo. Bondeni joto linakupiga, juu unatetemeka. Pamba ikilowa jasho au mvua hukaa na maji na kukupokonya joto, kwa hiyo nguo ya kugusa ngozi iwe ya sintetiki au sufu, na juu kabisa koti la mvua linalozuia kweli. Seti moja kavu ya kulalia ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na usiivae kamwe mchana, hata ukishawishika. Ukiona mwenzako anatetemeka, kisha maneno yanamtatiza na hatua zinayumba, mwili wake unapoa kupita kiasi. Huyo hasubiri kambi. Avuliwe zilizolowa, avikwe kavu, akingwe upepo, na kiongozi aitwe sasa hivi.

Tochi ya kichwani kila mtu awe na yake, hata kama mnarudi saa tisa alasiri. Vivyo hivyo firimbi. Muulize kiongozi ishara inayotumika mnakoenda, kwani hazifanani: Amerika ya Kaskazini mipulizo mitatu ni wito wa msaada, ilhali kwenye milima ya Alps, Ulaya, ni ishara sita ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha tena sita, na anayejibu hutoa tatu kwa dakika. Na mtu mmoja nyumbani, asiye kwenye safari, aachiwe njia mtakayopita, namba za viongozi wawili na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu aanze kuulizia.

Adabu za njiani utazijifunza haraka, ila mbili zinawakwaza wageni. Ya kwanza ni kujisaidia. Usitoweke kimyakimya. Mwambie aliye karibu, na uache begi lako kando ya njia upande ulioingilia, ili yule wa nyuma kabisa ajue kuna mtu hajapita. Nenda hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, ufukie. Karatasi na pedi zirudi nawe kwenye mfuko uliofungwa. Beba mfuko mweusi na hakuna atakayejua. Ya pili ni kwamba kuchukua mzigo wa mwenzako aliyechoka si dharau kwake, na wewe ukitolewa kilo mbili begini siku ya pili usigombane. Siku nyingine utabeba za mtu.

Ukimaliza matembezi ya kwanza, kesho yake mwandikie kiongozi mistari michache: ulipochoka, ulipobaki nyuma, ulichopenda. Muulize waziwazi kama anakuona tayari kwa siku tatu. Akisema bado, muulize bado kiasi gani, na nini cha kufanyia kazi.

Zile fimbo si mbwembwe. Kwenye mteremko zinapunguza kishindo kinachofika magotini, na kwenye kuvuka mto au matope zinakupa miguu miwili ya ziada. Kwamba ni za lazima kwa kila mtu, siwezi kusema. Kwa mtu wa miaka 38 anayekaa kitini kutwa na anayekwenda kushuka na kilo 13 mgongoni, mimi ningeziazima. Zirefushe kidogo wakati wa kushuka na uzifupishe wakati wa kupanda, kiwiko kikae kwenye pembe mraba ukiwa tambarare. Mkono usiuingize kwenye kamba unapopita kwenye mawe, maana fimbo ikinasa na wewe unaanguka, unataka iachie.